Marashi Yaliyotokea Nyuma

Anifa alijua kitu ambacho mwalimu Melkiadi hakukijua: chupa ya marashi iliyokuwa mezani kwake ilikuwa na maji ya bomba.

Mwalimu ndiye aliyemwagiza marashi hayo kutoka dukani kwa baba yake, Mzee Bushiri. Kumwomba baba bidhaa ya bure ni kujitafutia maneno ya wiki nzima, na kwenda shule mikono mitupu ni kujitafutia fimbo. Basi binti akaokota chupa tupu nyuma ya duka, akaijaza maji, akaifunga. Harufu ilikuwa imebaki mdomoni mwa chupa tu. Mwalimu aliinusa, akaridhika, na Anifa akarudi kwenye dawati lake mgongo umelowa jasho.

Somo lilikuwa hali za maada. Melkiadi alijua kufundisha, hilo tumpe, ila fimbo yake haikukaa mbali na chaki. Alieleza kwamba chembe za kitu kigumu zimebanana, zinatetemeka palepale. Zikipata joto zinapata nishati, zinaanza kuteleza, kitu kinakuwa kimiminika. Zikizidi kupata, zinachomoka na kutawanyika hewani, na hiyo ndiyo gesi.

"Sasa namimina marashi kwenye kisahani," alisema. "Chembe zitasafiri kutoka hapa mbele kuja kwenu. Atakayesikia harufu anyooshe mkono."

Anifa akainamisha kichwa. Maji yatanukia nini? Mikono ikikosekana, mwalimu atakinusa kisahani, na hapo Anifa atakuwa amekwisha.

Lakini mikono ikanyooka. Wa kwanza alikuwa Damasi, dawati la nyuma kabisa, kisha jirani zake, kisha safu ya mbele yao.

"Unasikia nini, Damasi?"

Damasi alisita. "Marashi, mwalimu."

"Brigita?"

"Marashi, mwalimu."

Mwalimu akatabasamu, jambo lisilo la kila siku. Akageukia jiko la mafuta ya taa, lenye sufuria ya barafu juu yake. Pua yake ilikuwa imejaa harufu ya mafuta ya jiko hilo, nyingine haikuisikia. Akachukua kiberiti.

Anifa aliganda. Kama ni maji, wenzake wanasikia nini? Na kwa nini imeanzia nyuma? Nyuma ya ukuta ule kulikuwa na stoo ya jenereta, ambalo shule ililinunua baada ya Babati kuwa makao makuu ya mkoa mpya na wageni wakawa hawakatiki. Bati la stoo lilikuwa linachomwa na jua tangu asubuhi. Harufu ikamfikia na yeye, ikipandia miguuni. Petroli.

"Mwalimu, siyo marashi," alisema, na sauti ilitoka ndogo.

"Kaa chini. Wenzako wote wanasikia marashi."

Njiti ilikuwa imeshatoka kwenye kiberiti. Anifa aliogopa fimbo, aliogopa baba, aliogopa moto, na moto ukashinda.

"Chupa ina maji, mwalimu. Niliyaweka mimi."

Mkono wa Melkiadi ukasimama. Alichovya kidole kwenye kisahani, akakilamba. Kisha akatazama ile mikono ya nyuma, na uso wake ukabadilika.

"Tokeni nje," alisema taratibu. "Polepole. Mtu asiburute dawati, lisije likatoa cheche."

Dumu la petroli ya jenereta, lililokuwa mle stoo, lilikuwa limepasuka. Petroli ilikuwa imepenya chini ya ukuta mpaka kwenye dawati la Damasi. Mwalimu alipotoka kuangalia, aliirudisha njiti kwenye kiberiti. Akamwita Damasi pale uwanjani.

"Ulisikia harufu gani mle ndani?"

"Petroli, mwalimu."

"Mbona ulisema marashi?"

Damasi alitazama viatu vyake. "Wewe ulisema ni marashi, mwalimu."

Melkiadi alipogeuka alimkuta Anifa amesimama mbele yake, macho ameyafumba, kiganja amekinyoosha, anasubiri fimbo.