Makaa ya Mzee Nasor

Dévote alihamia mtaa wa Jabe mwaka ule wa tisini na saba, akiwa na mali inayobebeka kichwani kwa safari moja: godoro, sufuria mbili, na pasi ya mkaa yenye jogoo wa chuma juu ya kifuniko. Chumba kilikuwa kimoja, dirisha moja, na ukuta wake wa nyuma ulikuwa na joto la kudumu kwa sababu ulipakana na tanuri la mikate la Mzee Nasor. Mtu mwingine angelalamika. Dévote aliweka kiganja ukutani, akasema, "Asante Mungu, sitapata baridi." Mji wenyewe ni Bujumbura, ambako watu wanatokwa jasho mwaka mzima, lakini ndivyo alivyokuwa. Mwanamke huyu alikuwa na ugonjwa wa kushukuru, na haukuwa na dawa.

Habari ya pasi ile lazima niieleze, maana bila yake hakuna hadithi. Siku mtaa wao wa zamani uliposhambuliwa, Dévote alikuwa anapiga pasi. Risasi zilipoanza, akapata dakika moja tu ya kuchukua kitu nyumbani. Juu ya kabati palikuwa na bahasha ya vyeti vyake, pamoja na barua ya kuthibitisha miaka kumi na mmoja aliyofanya kazi ya kupiga pasi katika chumba cha kufulia cha hospitali. Yeye akachukua pasi. Alichukua pasi kwa sababu ilikuwa na makaa yanayowaka, na mama yake alimlea kwamba hutoki nyumbani ukaacha pasi ya moto, utakuja kukuta nyumba imeungua. Basi akakimbia nayo, mtoto mgongoni, pasi mkononi, inafuka moshi. Nyumba ikaungua hata hivyo, na bahasha ikaungulia humo. Mume wake, Salvator, aliyekuwa kazini siku hiyo, hakurudi tena. Tangu hapo Dévote alikuwa akiitazama pasi ile na kushindwa kuamua kama aicheke au ailie.

Miaka miwili iliyofuata aliishi Buterere, pembeni ya mji, kwa mama mkwe wake, Epiphanie, kwenye nyumba ambayo mvua ikinyesha maji ya mashamba ya mpunga yanaingia bila kubisha hodi. Alipopata chumba cha Jabe alitaka kuhama na binti yake, Nella, aliyekuwa na umri wa miaka minane. Bibi akakataa.

"Utamuchukua siku utakuwa na kazi," alisema Epiphanie. "Si siku utakuwa na matumaini. Matumaini hata mi niko nayo, na haijaniletea kitu."

Dévote hakubishana. Alimwambia Nella kwamba hatakawia, na mtoto akamwuliza siku ngapi. Swali hilo ndilo lililomwamsha kila asubuhi.

Asubuhi ya kwanza aliamka mapema. Alikuwa anakwenda kuomba kazi kwenye hoteli moja kubwa kando ya ziwa, na gauni lake lilikuwa moja la maana, la buluu, lenye marinda. Mkaa hakuwa nao. Siku zile za vita vikwazo vya nchi jirani vilikuwa vimebana nchi, kibiriti chenyewe ulikitafuta duka kwa duka, na barabara za kuletea mkaa zilikuwa hazipitiki. Lakini kwao kilimani, alikokulia, moto haununuliwi. Ukikosa moto unakwenda kwa jirani, anakutilia makaa kwenye kigae, na ujirani wenu umeanza hapo. Kwa hiyo Dévote alifungua kifuniko cha pasi, akazunguka nyumba, akasimama mbele ya tanuri.

Mzee Nasor alikuwa mtu wa makamo ya juu, ndevu nyeupe zilizokatwa vizuri, kofia iliyofumwa, na uso wa mtu aliyeuziwa unga mbaya. Babu yake alitoka Oman, yeye alizaliwa hapo hapo Bujumbura, na tanuri lile lilikuwa la baba yake.

"Mwaramutse, mzee," alisalimu Dévote. "Mi jirani yako mupya. Naomba moto kidogo, nipige pasi."

Mzee Nasor aliitazama pasi, kisha akautazama mlango ambao ulikuwa umefunguliwa nusu.

"Apana," alisema. "Moto haitoki hapa mbele ya mutu wa kwanza kununua mukate."

Akageuka na koleo lake. Dévote akabaki pale na pasi iliyoachama. Kwao, kumnyima mtu moto ni kumwambia kwamba hutaki akuzike wala umzike. Alirudi chumbani shingo upande, akalitandaza gauni juu ya godoro na kulikandamiza kwa viganja, akaenda hotelini na mikunjo yake.

Mkuu wa chumba cha kufulia pale hotelini aliitwa Sébastien, mtu mwembamba, mwenye kalamu sikioni. Alimsikiliza kwa adabu, halafu akauliza, "Attestation, barua ya kazi, iko wapi, maman?"

"Iliungua."

"Watu wote vitu vyao viliungua," alisema Sébastien, bila ubaya. Macho yake yalishuka kwenye gauni, yakasoma kila kunyanzi. "Na unasema ulikuwa unapiga pasi miaka kumi na moja?"

Dévote alitamani sakafu ipasuke. Njiani kurudi alitafuta la kushukuru, akatembea sana kabla ya kulipata: angalau yule bwana alimwita maman, kwa heshima.

Mchana huo mlango wake uligongwa. Alikuwa mke wa Mzee Nasor, Miza, mwanamke mnene mwenye sauti ya chini, amebeba mkate uliofungwa kwa kitambaa.

"Nimekuja kukukaribisha, na nimekuja kumuombea mzee wangu musamaha," alisema, akiketi kwenye godoro bila kungoja kuambiwa. "Hakukunyima kwa roho mubaya. Kwa baba yake na kwa babu yake, moto haitoke kwa duka kama bado hawajauza. Anaona baraka ya siku inatoka nayo. Miaka makumi tatu niko naye, hata mi mwenyewe asubuhi hanipatie moto ya kupikia chai yake!"

Dévote aliangua kicheko mpaka machozi yakamtoka. Siku nzima alikuwa ameomboleza ujirani uliokufa, kumbe mzee wa watu anamnyima hata mke wake.

"Basi nifanye namna gani?"

"Kuwa we mutu wa kwanza. Nunua kale kadogo, kisha omba moto yako."

Ikawa hivyo. Kila asubuhi Dévote alikuwa wa kwanza mlangoni, ananunua mkate mdogo kuliko yote, kisha anafungua kifuniko cha pasi. Mzee Nasor anamtilia makaa mekundu. Dévote anaibembeza pasi uani mpaka majivu yapeperuke, anaipitisha juu ya jani la mgomba ili tumbo lake liteleze, anapiga funda la maji na kuyapuliza juu ya marinda kama mvuke. Akimaliza, gauni lile la buluu linasimama lenyewe. Halafu anatoka kutafuta kazi: kwa watawa, maofisini, kwa Wagiriki wenye maduka, mtaani Musaga kwa mama mmoja aliyesemekana anataka msaidizi, na kila mahali anaulizwa karatasi. Jioni kabla ya saa ya amri ya kutotoka nje anarudi, anapita mbele ya tanuri.

"Umepata?" anauliza Mzee Nasor.

"Bado, mzee. Lakini leo wamenipa kiti nikakaa."

Mzee anatikisa kichwa. Hakuwahi kuona mtu anayerudi mikono mitupu na bado ana la kusimulia. Lakini jambo moja alikuwa ameligundua na hakutaka kulisema: siku ambazo mkate wa kwanza unanunuliwa na mwanamke huyu, mikate inakwisha kabla ya adhuhuri.

Zikapita wiki sita. Jumapili ya sita Dévote alikwenda Buterere, akamkuta Nella ameketi juu ya meza, miguu imening'inia, maji yamejaa chumbani hadi kwenye vifundo vya miguu. Mtoto hakuuliza tena siku ngapi. Alisema tu, "Mama, we rudia kwako, mi nimeshazoea." Kuambiwa hivyo na mtoto wa miaka minane kulimvunja Dévote moyo kuliko milango yote iliyofungwa mbele yake. Alilia barabara nzima kurudi Jabe. Na kesho yake, kwa mara ya kwanza, hakupiga pasi. Alilala akiutazama ukuta wenye joto, na hakupata la kushukuru hata moja.

Mzee Nasor alifungua mlango, akangoja. Alikuja mnunuzi mwingine, akauziwa. Mzee akachungulia barabarani. Saa mbili akapakia mikate kwenye Peugeot yake kuukuu, ambayo siku hiyo, kwa kudra ya Mwenyezi Mungu, ilikuwa na mafuta, akaipeleka hotelini kama kawaida yake. Huko akakuta Sébastien ameshika kichwa. Nguzo za umeme zilikuwa zimeangushwa milimani, hoteli ilikuwa siku ya nne bila umeme, mashine ndogo ya dharura ilitosha friji na taa tu. Shuka za vyumba arobaini zilikuwa zimefuliwa na kukauka, zimerundikana zikiwa na makunyanzi, na wageni wa mkutano wanafika jioni. Walikuwa wameazima pasi mbili za mkaa, na vijana wake walikuwa wameshaunguza shuka tatu na kuzipaka nyingine majivu.

"Hakuna tena mutu anajua hii kitu," alisema Sébastien.

Mzee Nasor aliweka chini kapu la mikate. "Iko mumoja," alisema. "Nampatia moto kila siku."

Hakuwa mtu wa kwenda kugonga milango ya majirani. Siku hiyo aligonga. Dévote alipofungua, macho yamevimba, alimkuta mzee amesimama na debe la makaa yanayowaka, ameshika kishikio chake kwa kitambaa.

"Leta pasi," alisema. "Na leo usinunue mukate. Kwa jina la Mungu, haraka."

Hotelini Sébastien alimtambua, akasita, mkono ukaenda kwenye kalamu. Dévote hakungoja swali. Aliomba jani la mgomba, na bustani ya hoteli ilikuwa na migomba ya kutosha. Akajaza makaa ya Mzee Nasor, akaifunga pasi kwa yule jogoo, akatoka nayo nje kuibembeza, akaipangusa, akadondoshea tone la maji kusikiliza linavyolia. Halafu akaipitisha kwenye shuka kwa mwendo mmoja mrefu, kutoka pindo hadi pindo. Mikono yake ilikumbuka kila kitu. Alipoikunja mara nne, Sébastien aliishika kwa vidole viwili, akaigeuza, akatafuta alama ya jivu, akakosa.

"Hii ndiyo attestation yake," alisema Mzee Nasor kutoka mlangoni.

Dévote alipiga pasi mpaka saa kumi. Vijana walioharibu shuka walisimama kando yake wakimletea maji, naye akawafundisha kubembeza pasi bila kujimwagia majivu. Rundo lilipokwisha, Sébastien alimwambia aje kesho saa moja, na kesho kutwa, na siku zote.

"Na umeme ikirudia?" aliuliza Dévote. Alikuwa na hofu ya kweli, na hakutaka kudanganywa.

"Hospitalini mulikuwa munatumia pasi ya namna gani?"

"Zote mbili."

"Basi ikirudia utatumia ya umeme," alisema Sébastien, akaandika jina lake.

Jioni hiyo Dévote alipofika chumbani aliishika pasi, akaibusu pale penye jogoo. Alikuwa ameichukia kwa miaka miwili kwa sababu haikuwa bahasha. Alilia tena, lakini kilio hiki kilikuwa cha shukrani, na hakukizuia.

Jumamosi alikwenda Buterere kumchukua mtoto. Alikuwa amepanga hotuba nzima ya kumshawishi mama mkwe. Hakuitumia. Kabla hajamaliza salamu, Epiphanie aliinama chini ya kitanda, akavuta juu ya tofali alizoziweka kuzuia maji kifurushi cha nguo za Nella, kimefungwa kwa kitenge.

"Mama, umekifunga saa ngapi? Bado sijakuambia kitu."

"Iko tayari tangu siku ulihama," alisema bibi, akitazama pembeni. "Kila wiki naifungua, nafua, nafunga tena."

Dévote alimkumbatia mama mkwe wake kwa mara ya kwanza tangu msiba wa Salvator. Wote watatu walisimama ndani ya maji wakiwa wameshikana.

Jumatatu alfajiri Dévote alimwamsha Nella ili amwoneshe njia za nyumba mpya. Walizunguka wakiwa na pasi, wakasimama mbele ya tanuri. Mlango ulikuwa umefunguliwa nusu, mikate ndiyo kwanza inatolewa, barabara haina mtu. Nella, ambaye hajui desturi ya mji wala ya kilima, akainyanyua pasi kwa mikono miwili.

"Mzee, naomba moto."

Dévote akamshika bega upesi. "Ngoja, binti. Mbele tununue. Mzee bado hajauza."

Mzee Nasor aliinama taratibu, magoti yakilia, akaipokea pasi kutoka kwa mtoto. Akafungua kifuniko, akachota koleo moja la makaa mekundu, akalimimina ndani, kisha akaongeza lingine. Ndani ya duka Miza alishika mdomo.

"Baba Azhar!" alimwita mumewe kwa jina la mtoto wao. "Na baraka ya siku?"

"Moto haitoke kwenda kwa watu wa inje," alijibu mzee, akimrudishia Nella pasi na kumwonyesha pa kushika asiungue. "Huyu ni mutoto wa hapa."