Tela la Wageni wa Port Adler

Hebu niambie, umewahi kukataa kitu unachokitamani, ukabaki unangoja uulizwe tena, na asikuulize mtu kwa miaka tisa? Basi hayo ndiyo yaliyompata Lorene Vosskamp wa Port Adler, mji mdogo ulioegemea mto Mississippi upande wa Iowa.

Kwao pale, mtu akikaribishwa kipande cha pai husema, "Hapana, nimeshiba." Akikaribishwa mara ya pili husema, "Wala usijisumbue." Mara ya tatu ndipo husogeza sahani, tena kwa kunung'unika kidogo, kama vile anamsaidia mwenye pai kuimaliza. Anayepokea mara ya kwanza huonekana hakulelewa.

Sasa, miaka tisa nyuma, kamati ya makumbusho ilikuwa ikitafuta mtu wa kuwatembeza wageni wa meli. Meli hiyo nyeupe, yenye gurudumu kubwa la kusukuma maji nyuma, hufunga kamba Port Adler kila Septemba kwa saa tatu, na wageni hupandishwa kwenye tela la trekta, wakakalia marobota ya majani makavu, wakazungushwa mjini. Kamati ikamgeukia Lorene. Naye, kwa malezi yake, akasema, "Aa, hapana, mtafuteni mwingine." Akatulia, mikono mapajani, akingoja mara ya pili.

Lakini chumbani alikuwemo Harlan Tipton, aliyehamia pale kutoka Texas kwa ajili ya mkewe, na huko Texas hapana ni hapana. "Basi nitafanya mimi!" akasema. Kamati ikapiga makofi. Lorene akapewa biskuti.

Ndiyo, biskuti. Tangu siku hiyo kazi yake ikawa kukaa nyuma kabisa ya tela na bakuli la biskuti za tangawizi, akiwagawia wageni, huku Harlan akiwa mbele na kipaza sauti.

Mwaka huu Harlan ametimiza miaka themanini na magoti yamemgomea. Akatangaza kwamba hii ni safari yake ya mwisho. Ardith Pohlmann, mwenyekiti wa kamati na mwendesha trekta, alikuwa amekwishaleta picha ya mashine ya kuongea: unabonyeza, inasoma historia ya mji kwa sauti ya mwanamume ambaye hajawahi kukanyaga Iowa. Kamati ikakubaliana kwamba asipopatikana mtu mpaka meli inaondoka, Jumatatu mashine inaagizwa. Lorene aliposikia hivyo alikosa hamu ya kula siku mbili, na huyo ni mwanamke ambaye hata mafua hayamtengi na sahani.

"Umenyamaza, shoga," Ardith alimwambia asubuhi ile wakipanga marobota. "Una jambo?"

"Mimi? Sina. Labda ni huu upepo."

"Upepo gani, na hata jani halitikisiki?"

Saa nne wageni ishirini na sita wakapanda, kofia vichwani. Trekta ikakoroma, Harlan akasafisha koo.

"Mabibi na mabwana! Kiwanda chetu cha kwanza cha vifungo kilifunguliwa mwaka 1893. Kilikuwa na mashine arobaini na mbili. Mwaka 1897 zikawa sitini na nane..."

Mzee mmoja mbele akafumba macho. Nyuma, mama mwenye kofia ya njano akachukua biskuti, akamnong'oneza Lorene, "Vifungo vya nini, mwenzangu, na hapa ni mtoni?"

"Si vya magamba ya kome! Yale ya mtoni, yanayong'aa kwa ndani. Bibi yangu alisema yote yalianza na suruali."

"Suruali?"

"Ya fundi mapipa. Ilimvuka kanisani, katikati ya wimbo wa pili. Mkewe akamwambia, leo hulali hapa mpaka uniletee kitu kigumu nikushonee kifungo. Fundi akaokota gamba ukingoni mwa mto, akalikata kiduara. Jumapili iliyofuata wanaume kumi walimngoja mlangoni mwa kanisa. Suruali zao nazo zilikuwa zimeingiwa na wasiwasi."

Mama wa kofia ya njano akacheka mpaka makombo yakamruka. Vichwa vitano vikageuka.

Tela likapita uchochoro wa nyuma ya kiwanda. "Tazameni chini," Lorene akasema, sasa kwa sauti ya juu kidogo. "Hayo yote ni magamba yenye matundu. Nikichimba viazi nachimba na hayo. Wanaume walikata kiwandani, sisi tulishona nyumbani. Baada ya chakula mama alimwaga vifungo mezani, tukavishona kwenye kadi, kumi na viwili kila kadi. Siku moja kaka yangu akameza kimoja. Mama akasema, tulieni, kitarudi."

"Kikarudi?" akauliza mwanamume wa robota la katikati, aliyekuwa tayari amesimama kuhamia nyuma.

"Kilirudi. Kadi yenye kifungo hicho tulimpa shangazi tuliyekuwa hatumpendi."

Hapo wageni wakaanza kuhama, mmoja mmoja, mpaka tela likalalia nyuma na pua yake ikainuka. Ardith akageuka juu ya trekta. "Jamani, gawanyikeni! Mnaning'oa!"

Harlan alibaki na yule mzee aliyelala. "Na mwaka 1911..." Akakoma. "Enyi watu, huko nyuma mnakula nini?"

"Historia!" akajibu mama wa kofia ya njano. "Na biskuti!"

Harlan akaangua kicheko, akajikongoja mpaka nyuma, akakaa kama mgeni mwingine. Walipofika ukuta wa duka la mikate, penye mstari mwekundu wa kina cha maji ya gharika ya mwaka 1965, juu ya kichwa cha mtu mrefu, yeye mwenyewe ndiye aliyeuliza, "Eti Lorene, ni kweli mlioka mikate ghorofani?"

"Tulioka siku kumi na moja, tukaishusha kwa kamba kwenye mashua. Aliyetaka ya mdalasini alisubiri ipoe, kwa sababu kwenye mashua ya kwanza mtu aliungua goti akaangusha kasia."

Basi ikawa kicheko mpaka gatini.

Ardith akashuka kwenye trekta, akapangusa mikono kwenye suruali, akaja moja kwa moja. "Lorene, kazi hii utaichukua wewe?"

"Aa, hapana, mtafuteni mwingine."

Lilimtoka lenyewe, kama chafya. Akatulia akingoja. Ardith, mzaliwa wa pale pale, akafungua mdomo ili aulize tena, na meli ikapiga honi. Wageni wakaanza kuhangaika, huyu kasahau mkoba, yule anaamshwa usingizini, na Ardith akakimbilia ngazi ya tela asije akaanguka mtu.

Harlan akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Basi, amekataa," akasema. "Jumatatu tuagize ile mashine." Akaanza kukunja waya wa kipaza sauti.

Lorene akatazama waya ukizungushwa kiganjani mwa Harlan. Alijua watu wataongea, na kwamba mama yake angejifunika uso kwa aproni. Akasimama juu ya robota, akasema kwa sauti iliyomsimamisha mama wa kofia ya njano katikati ya daraja la kupandia melini:

"Harlan, acha huo waya! Kazi hii naitaka. Nimeitaka miaka tisa, naitaka mimi, na naitaka leo."