Dorika na Njia za Baraza

Dorika binti Alute alijua mambo ya baraza kuliko wanaume wengi wa Mtinko, na wala hakuyasomea popote. Aliyasikia. Kabla hajaolewa, kila siku ya kesi aliuza togwa nje ya nyumba ya baraza, mtungi wake ameuweka chini ya dirisha la karani, basi kesi zote zilimpita masikioni: za mipaka, za ng'ombe walioingia kwenye mtama wa watu, za wake na waume. Wakamtania wakimwita Karani wa Togwa. Haya, wacha wamtanie!

Mumewe, Mughwai, alimvunja mkono wa kushoto kwa mpini wa jembe, eti mboga imepoa. Mboga, jamani! Dorika alimbeba binti yao Stumai, wa miaka miwili, kwa mkono uliobaki mzima, akarudi kwa baba yake. Alichotaka kilikuwa kimoja tu: kuachana na yule mtu bila kumwachia mtoto.

Mzee Alute akashika kichwa. "Mwanangu, mahari yako ilikuwa ng'ombe sita. Leo zizini nina watano, na mmoja ni kikongwe hana hata meno. Rudi tu, utavumilia."

"Sirudi, baba. Na usiogope, mambo haya yana njia yake. Ndoa yetu ni ya ng'ombe, si ya kanisani, kwa hiyo haituhusu kwenda kwa padri. Kwanza wanakaa wazee wa koo zote mbili. Wakishindwa, tunakwenda kwa jumbe. Jumbe naye akishindwa, ndipo barazani. Tukiruka hatua moja, tunarudishwa nyumbani."

"Nani amekufundisha maneno hayo?"

"Togwa, baba."

Mzee hakucheka. Aliona haya kuwa na binti anayezungumza kama wakili.

Wazee wa koo mbili wakakaa, wakanywa pombe ya watu, wakaamua Mughwai aje aombe radhi. Radhi? Yule! Kesho yake mchana kweupe alikuja na fimbo, akafungua zizi la mkwewe, akaswaga mtamba mwekundu huku akipayuka ili majirani wote wasikie. "Namchukua ng'ombe wangu! Nani wa kunizuia?"

Mzee Alute aliingia ndani kwa aibu, kisha akatoka na rungu. Dorika akamzibia njia mlangoni.

"Mwache aende naye, baba. Usimfuate hata hatua moja."

"Umeingiwa na wazimu?"

"Sina wazimu. Mwache."

Mzee akadhani binti yake amepigwa na kichwani pia. Lakini Dorika alimtazama mumewe mpaka akapotelea kwenye vichaka, na kwa mara ya kwanza tangu mkono uvunjike alijisikia vizuri.

Jumbe alijaribu kuwapatanisha, akashindwa, akawaandikia barua ya kwenda barazani. Tarishi akapeleka samansi, na siku ya kesi Mughwai akatokea amevaa koti la mnadani, amejipaka mafuta mpaka anang'aa. Akazungumza kwa upole, utadhani hajawahi kukanyaga hata sisimizi.

"Wazee wangu, mke wangu nampenda. Sijamfukuza, sitaki kumwacha. Mwambieni arudi nyumbani, yaishe."

Wazee wakaitikia kwa vichwa, maneno yamewaingia. Mzee Mazengo, mkubwa wa baraza, akamgeukia Dorika.

"Shikamooni, wazee wangu," alisema Dorika. "Naomba nimuulize swali moja tu. Mughwai, yule mtamba mwekundu uliyemtoa kwa baba yangu ni ng'ombe gani?"

Mughwai akatuna. "Wa mahari yangu! Nilimtoa kwa mkono wangu mwenyewe, mchana, watu wakiona. Mimi si mwizi."

Kalamu ya karani ilikwaruza karatasi. Mzee Mazengo akavuta ugoro, akapiga chafya, akajifuta.

"Basi umetumalizia kazi, kijana. Kwetu sisi, mume akishapokea hata ng'ombe mmoja wa mahari, amekubali kwamba mke amerudi kwao. Hatuulizi tena kama ndoa imekwisha. Tunauliza ng'ombe wamebaki wangapi."

"Nilikuwa na hasira tu, mzee!"

"Hasira hiyo ina pembe na mkia, nayo imelala zizini kwako."

Baraza zima likaangua kicheko. Dorika alisikia raha. Lakini mzee hakuwa amemaliza.

"Wamebaki watano. Mmoja tunamfuta kwa ajili ya mkono wa huyu binti. Wanne. Sasa kuna mtoto. Akihesabiwa kwa baba yake, mtarudisha wawili tu, na akikua kidogo atakwenda kwa Mughwai. Asipohesabiwa, mtarudisha wote wanne, naye ni wa kwenu. Mzee Alute, sema wewe. Ng'ombe ni wako."

Hapo ujuzi wa Dorika ulifika mwisho. Hapakuwa na swali la kuuliza wala hatua ya kufuata. Alimkumbatia Stumai aliyekuja naye, akashindwa kumtazama baba yake.

Mughwai akacheka. "Wanne ndio zizi lake lote! Hawezi."

Mzee Alute akasimama taratibu, akajikung'uta vumbi magotini.

"Karani, andika wanne."

"Pamoja na yule kikongwe, mzee?" karani akauliza.

"Pamoja na kikongwe. Aje awachukue leo leo, nisije nikawazoea tena."

Dorika alilia mbele ya watu wote, wala hakujificha. Karani akasoma hukumu, wakaweka dole gumba, muhuri ukagongwa.

Walirudi nyumbani kwa miguu, Stumai amekaa mabegani kwa babu yake, amemshika masikio. Walipoupita mnada, mzee akapunguza mwendo.

"Hebu nieleze," alisema. "Yule mtu akikata rufaa, anakwenda kwa nani?"

"Kwa Bwana Shauri, baba, yule mkuu wa wilaya, Singida mjini. Ana siku thelathini."

"Haya. Anza tangu mwanzo, tena polepole. Siku hiyo nataka niseme mwenyewe."