Chungu cha Zuwena Juu ya Paa la Chausiku

Jiko la chuma lilitoka Usumbura kwa mtumbwi, limelazwa katikati na kufunikwa mikeka kama mgonjwa anayepelekwa kwa mganga. Wanaume wanne walilipandisha kutoka ufukweni mwa Rumonge, wakipumzika kila hatua ishirini, na nyuma yao akaja Athumani na bomba begani, anatabasamu peke yake.

Zuwena alikuwa mlangoni kwake akichambua ndagala, dagaa wa ziwani. Alilitambua hata kabla mikeka haijafunuliwa yote. Miguu minne mifupi iliyopinda. Mlango wa moto wenye kitasa cha mviringo. Akauweka ungo chini, akageuka kuitazama kona ya jikoni kwake, pale penye mafiga matatu meusi, na moyoni akayatoa nje yote matatu, akapafagia.

Wanaume wakapita mbele ya mlango wake bila kupunguza mwendo. Wakaingia nyumba ya pili.

Nyumba ya pili, ng'ambo ya ua, ilikuwa ya Chausiku, mke mdogo, aliyeolewa mwaka juzi na sasa ana mtoto wa miezi saba, Aruna.

"Mutoto anakohoa," Athumani alieleza jioni, amekaa kwa Zuwena akisubiri chakula. "Moshi wa mafiga unamuumiza kifua. Jiko lile moshi wake unapanda kwa bomba, haugusi mtu. Yule bwana wa bomani amerudi kwao Ulaya. Akaniambia, fundi, umeniezekea vizuri, chukua."

"Ni vizuri," Zuwena akasema.

"Hukasiriki?"

"Nikasirike nini? Chuma ni chuma."

Akamtilia mchuzi. Miaka kumi na mmoja alikuwa amempulizia mwanamume huyu moto wa mafiga, macho yamemwiva hata wageni wakamuuliza amefiwa na nani, na hakuna aliyewahi kutaja bomba. Angalau hilo lingemezeka. Lililomkaa kooni ni jingine. Kabla ya Athumani, Zuwena alikuwa mke wa marehemu Amisi, mpishi katika nyumba ya Mdachi mmoja kule Usumbura. Miaka mitatu alikaa kando ya jiko kama lile lile, akichochea, akizoa majivu, mpaka Amisi akawa anamwachia mikate aiangalie peke yake. Athumani alilijua hilo. Alilijua vizuri sana. Na hakumuuliza hata neno moja.

Kesho yake Athumani akaanza kazi. Alikuwa fundi wa kuezeka, na kutoka Kabezi hadi Kigwena watu walisema paa lake halivuji hata tone. Akatoboa nyasi za paa la Chausiku tundu la kipimo cha bomba, si pana zaidi wala si dogo zaidi. Akalisimamisha jiko karibu na ukuta wa matete lisije likawaziba njia. Kisha akapanda juu na pale bomba lilipotokea akashindilia nyuzi kavu za mchikichi na nyasi mpya, akazikaza kwa kamba kwa nguvu zake zote.

"Mvua ije sasa," alisema kule juu. "Hapa hata sindano haipiti."

Zuwena alisimama uani, mkono kiunoni. Usumbura bomba halikugusa nyasi kamwe. Fundi wa kule aliacha nafasi ya shubiri nzima kulizunguka, akaijaza udongo, na hata hivyo Amisi alikuwa kila asubuhi anapeleka kiganja chake pale juu, anasikiliza joto, anasema, "Hapa ndipo nyumba inapoanzia kuungua." Zuwena akafungua kinywa.

Ndani Chausiku akacheka. Lilikuwa cheko la mtu aliyepewa kitu mbele ya watu. Na Athumani, juu ya paa, akamjibu kwa cheko ambalo Zuwena hakuwa amelisikia tangu mwaka ule alipoletwa yeye mwenyewe katika ua huu.

Akakifunga kinywa, akarudi kwa ndagala wake.

Kwa kina Athumani jiko jipya halikuwashwa kwa moto wake lenyewe. Mama yake alikuwa amewaachia desturi hiyo: kaa la kwanza linatoka kwa mke mkubwa. Basi alasiri Chausiku akavuka ua na kigae mkononi, mtoto mgongoni, akapiga goti kidogo mlangoni. Hakuvuka kizingiti. Hakuna kati yao aliyeingia jikoni kwa mwenzake bila kuitwa.

"Dada, naomba moto."

Zuwena akachagua makaa moja moja. Yalikuwa mazuri, mekundu mpaka ndani. Mtoto alimtazama juu ya bega la mama yake, kamasi imemkauka puani.

"Dada," Chausiku akasema, "wewe ulikaa na jiko kama lile. Iko kitu natakiwa kujua?"

Aliuliza kwa upole, tena ametazama chini. Zuwena akalipanga kaa la mwisho kwenye kigae.

"Utalizoea," akasema.

"Murakoze, dada," Chausiku akashukuru.

Siku tatu jiko liliwaka kuni, na halikuleta neno. Majirani wakaja kulitazama, wakaonja bugali uliopikwa juu yake kana kwamba ungekuwa na ladha nyingine. Siku ya nne Mwanahamisi, jirani ambaye ulimi wake haukuwa na siku ya mapumziko, akasimama uani akiangalia nyumba hii na ile.

"Amahoro, bi mkubwa. Naona kwa mwenzako moshi unapanda juu kwa adabu. Kwako unatokea mlangoni kama mgeni aliyefukuzwa."

"Na wewe umetokea kwenu kwa njia gani?"

"Mimi nasema ninachoona tu." Mwanahamisi akacheka. "Na yule mutoto kikohozi kimeisha, umesikia? Kimya kabisa."

Zuwena alikuwa amesikia. Kila alfajiri aliamka akikitegea sikio kile kikohozi, na asipokisikia alifurahi kwa upande mmoja wa moyo, na upande wa pili ukamwuma kama jino. Mtoto amepona kwa jiko, basi jiko halitoki pale tena. Usiku huo aliota analisugua kwa majivu mpaka linang'aa, na alipoamka viganja vyake vilikuwa vimekunjwa.

Siku ya tano Chausiku akagundua maganda ya kokwa za mchikichi. Wanawake waliokamua mawese waliyatupa malundo kwa malundo, bure, na ndani ya jiko la chuma yaliwaka kwa ukali kuliko kuni yoyote. Akajaza kapu zima. Zuwena alimwona akipita nalo, na akaona baadaye jinsi moshi wa bomba ulivyogeuka kuwa mzito, mweusi, wenye mafuta. Maganda yale kila mtu Rumonge aliyajua kwenye mafiga, ambako ukali wao unaishia hewani. Ndani ya bomba ukali wote ulipanda kwenda kwenye nyasi za Athumani, zilizokazwa hata sindano isipite.

Alilijua hilo. Akaendelea kumenya muhogo.

Mchana ule Chausiku alikuwa uani akitwanga majani ya muhogo ya isombe. Aruna amelala ndani, kwenye mkeka, kwa sababu ndani kulikuwa na joto zuri lisilo na moshi. Athumani alikuwa nyuma ya nyumba akichonga fito. Zuwena akainua macho kutoka kwenye muhogo na kuona paa la mwenzake linatoa moshi, na moshi ule hautoki kwenye bomba. Unatoka pembeni yake. Mwembamba, wa manjano, unatambaa juu ya nyasi kama unatafuta kitu ulichoangusha.

Mchi wa Chausiku ukapanda, ukashuka.

Liungue kidogo, Zuwena akawaza. Paa tu. Athumani ataliondoa jiko mwenyewe, ataniuliza liwekwe wapi.

Mchi ukapanda, ukashuka. Ukapanda, ukashuka. Mara ya nne. Mara ya tano.

Ndani ya nyumba Aruna akakohoa, mara moja.

Zuwena hakukumbuka baadaye alivyovuka ua. Alikumbuka kizingiti tu, kwa kuwa alijikwaa nacho, miaka miwili hakuwahi kukikanyaga. Kulizunguka bomba nyasi zilikuwa na duara jekundu, na chembe za moto zilidondoka karibu na mkeka. Akambeba mtoto na mkeka wake pamoja, akamtia mikononi mwa Chausiku aliyekuwa amemfuata mbio.

"Toka naye. Kaa mbali. Baba Aruna, paa linaungua, panda na maji."

Chausiku akamkabidhi mtoto Mwanahamisi aliyekuwa amekwisha fika uani, akarudi na mtungi, akauelekeza kwenye jiko. Zuwena akamshika mkono.

"Si hapo. Chuma cha moto ukikimwagia maji kinapasuka, kitakurukia usoni. Mpe Baba Aruna juu."

Akakifunga kimlango cha chini kinachoingiza hewa, akafungua cha juu kwa kitambaa, akayafukia maganda kwa majivu, sufuria kwa sufuria, mpaka ngurumo ya bomba ikanyamaza. Juu Athumani alikuwa anang'oa nyasi zake mwenyewe kwa mikono yote miwili, zile alizozikaza, akizitupa chini zikitoa moshi, na Chausiku akizimwagia maji moja moja.

Ilipokwisha, paa lilikuwa na tundu kubwa kama ungo. Mbingu ilionekana. Bomba lilisimama katikati peke yake.

Athumani akateremka. Nyusi moja ilikuwa imeungua.

"Umejuaje?" akauliza.

Zuwena angeweza kusema aliona moshi. Ingekuwa kweli pia.

"Nilijua tangu siku ulipoezeka," akasema. "Bomba halishikani na nyasi. Nilikuona unashindilia."

"Ulijua ukanyamaza?"

"Na wewe ulijua nimekaa miaka mitatu kando ya jiko kama hili. Ukanyamaza."

Athumani akaangalia mikono yake.

Lakini Chausiku alikuwa amesimama pale, nguo imelowa, na yeye aliuliza. Alipiga goti na kigae mkononi, akauliza. Zuwena akalazimika kugeuka upande wake, na hiyo ikawa kazi ngumu kuliko kuvuka ua.

"Wewe uliniuliza, Mama Aruna. Nikakujibu vibaya. Ilikuwa wivu. Ulitwanga mara tano mimi nimekwisha uona moshi."

Chausiku akaweka mtungi chini. Akamchukua mtoto kwa Mwanahamisi, akamnusa kichwani, akamfunga mgongoni, akakaza fundo kifuani mara mbili.

"Sasa nijibu tena," akasema. Sauti yake haikuwa na upole wowote. "Yote. Moja moja."

Zuwena akamjibu. Jiko lisogezwe mkono mzima kutoka kwenye matete, na chini yake mawe bapa na mchanga. Majivu yazolewe asubuhi yakiwa baridi, yasiwekwe kwenye kapu. Maganda ya mchikichi yasitiwe kabisa, na bomba lipigwe kwa kijiti kila Ijumaa masizi yaanguke. Na wakilala, dirisha libaki wazi kidogo, kwani kule Usumbura mlinzi mmoja alijifungia na makaa siku ya baridi, na hakuamka.

"Na paa?" Athumani akauliza, taratibu. "Niambie wewe. Paa nilifanyeje?"

Lilikuwa swali ambalo Zuwena alilingoja siku sita, na lilipofika lilikuwa dogo kuliko alivyodhani. Akaingia kwake, akatoka na chungu kikubwa cha kuchemshia mawese, urithi wa mama yake, kipana kiasi cha kumkalisha mtoto ndani. Akakigeuza, akagonga kitako kwa jiwe, polepole kwa kuzunguka, mpaka kikatoka kipande kimoja.

"Hicho cha mama yako?" Athumani akasema.

"Unacho kingine kipana hivyo?"

Wakakisimika kwenye tundu la paa, bomba likapita katikati, na nafasi iliyobaki wakaijaza udongo uliochanganywa na majivu. Nyasi zikaishia kwenye ubavu wa chungu. Zuwena alipanda mwenyewe, akaweka kiganja, akasikiliza.

"Unajua," Athumani alimwambia aliposhuka, "kama ungependa, nalihamishia kwako. Wewe ndiye unalijua."

Chausiku akainamisha uso. Mtoto akapiga chafya mgongoni mwake.

Zuwena alilitaka. Alilitaka hata sasa, mpaka viganja vikamwasha.

"Liache palipo," akasema. "Ila moto wake umezimika, linahitaji kaa jingine."

Akaingia kwake. Chausiku akamfuata na kigae, akasimama kwenye kizingiti kama desturi.

"Ingia," Zuwena akasema, "uchague mwenyewe."

Chausiku akaingia, akachuchumaa penye mafiga, akakohoa kwa moshi, macho yakamtoka machozi. "Dada, huku ndiko unakopika siku zote?" akauliza. Zuwena akasema ndiko. Asubuhi iliyofuata Chausiku alikuwa mlangoni na maharage yake, akauliza kama yake na ya dada yapikwe pamoja kule kwenye jiko, kwani juu yake matundu ya sufuria yako mawili.

Zuwena alikwenda. Wivu ulikwenda naye, haukubaki nyumbani. Kila alipovuka ua aliinua macho kuona moshi wa mwenzake unapanda, na kila mara ulipanda ukipitia katika shingo ya chungu cha mama yake.