Sukari ya Mwantum Iliposhuka

Mjini Kondoa hakuna aliyechoma mikate ya ufuta kama Mwantum, na mwenyewe hakuionja. Tangu alipoambiwa ana kisukari, wanawe wakiwa bado wadogo, alikula ugali wa mtama kidogo kwa mlenda, akameza dawa zake kwa wakati, na hakuna pilau ya harusi iliyomlegeza. Mumewe, Hamidu, aliyekuwa akikamua mafuta ya alizeti, alizoea kuwaambia wenzake kwamba mke wake ana msimamo wa askari.

Ndiyo maana mwaka ule, kipimo cha sukari kilipoanza kushuka na mwili wake ukapungua, watu walimpongeza. Majirani walimtania kwamba amerudi usichana. Hamidu naye alifurahi. Mwantum peke yake hakufurahi.

"Baba Halfani," alimwambia mumewe wakipanga mikate kwenye kapu, "mimi sijabadilisha kitu. Chakula ni kilekile, dawa ni zilezile. Sasa sukari imeshuka kwa sababu gani?"

"Si heri imeshuka?"

"Nikila matonge mawili nimeshiba. Na kiungulia hakiniachi."

Hamidu alidhani ni umri. Hedhi ya mkewe ilikuwa imekoma miaka michache nyuma, na tangu hapo kila alilolalamikia, liwe joto la ghafla, jasho au kukosa usingizi, lilihesabiwa kuwa ni la ukomo huo. Hata zahanati walimwambia hivyohivyo, wakampa dawa za vidonda vya tumbo. Akazimaliza. Alipoona choo chake kimekuwa cheusi kama lami, hakupiga kelele. Alikunja kanga zake, akamwambia Hamidu kesho wanakwenda Dodoma.

Daktari waliyemkuta hospitali ya huko, aliyeitwa Dhara, alikuwa wa umri wa binti yao. Aliwaamkia shikamoo, kisha akauliza mengi.

"Mama, hedhi ilikoma lini?"

Hamidu akatazama sakafu. Mwantum alijibu bila kupunguza sauti, akaeleza yote, hadi rangi ya choo.

"Umefanya vizuri kuja," daktari alisema. "Kuna tafiti zinazoonyesha kwamba mwanamke mwenye kisukari, hasa hedhi ikishakoma, huenda akawa kwenye hatari zaidi ya saratani ya tumbo. Bado hatuna uhakika wa kila kitu. Lakini dalili zako hatuziachi. Tutapitisha mpira wenye kamera, tutazame ndani."

Mwantum aliumeza ule mpira huku machozi yakimtoka, na mkono wake haukuinuka kuuzuia. Wakachukua kinyama kidogo kwenda kupima. Majibu yalipotoka ilikuwa saratani, lakini changa, haijasambaa.

Hamidu aliegemea ukuta. Mkewe ndiye aliyemsogezea kiti.

"Imeonekana," alimwambia. "Nilichokuwa nakiogopa ni kutoonekana."

Alifanyiwa upasuaji, wakaondoa sehemu ya tumbo. Miezi iliyofuata ilikuwa migumu. Alijifunza kula upya, kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku, na kuipima sukari iliyokuwa ikipanda na kushuka bila mpangilio. Kuna siku alikula vijiko vitatu vya uji, akatapika, akapumzika, akaomba kijiko kingine. Hamidu, aliyekuwa ameshika bakuli, aligeuka upande ili mkewe asimwone akilia.

Vipimo vya baadaye havikuonyesha kitu. Daktari alisema waendelee kurudi.

Siku ya kliniki ya kisukari pale Kondoa, Mwantum alisimama katikati ya wanawake wenzake, akazungumzia ukomo wa hedhi, kiungulia na choo cheusi bila kuficha neno, mumewe akiwa mlangoni. Zamani Hamidu angeona aibu, akatoka nje. Safari hii alibaki, akasikiliza hadi mwisho.

Walipomaliza, Swaumu, mke wa muuza vitunguu, alimfuata Mwantum pembeni.

"Dada, hata mimi nashiba upesi siku hizi. Nilidhani ni umri tu."

"Huenda ni umri kweli," Mwantum alimjibu. "Twende madaktari wakatuambie wenyewe."

Asubuhi iliyofuata wakapanda basi la Dodoma pamoja.