Udongo wa Mau kwenye Mishale

Saa kumi jioni mishale sita ya marehemu babake ikisharudi, Cheruto huisafisha. Hukwangua tope, husugua vyuma kwa majivu hadi kutu iishe, hupaka miti mafuta ya nyonyo, kisha huyashikilia manyoya juu ya mvuke wa birika mpaka yanyooke. Asubuhi mishale hutoka yenyewe kwa dirisha la jikoni, hapo kwenye ploti walikopanga chumba Kiamunyi, ikipita juu ya kamba za nguo.

"Cheruto, hizo mishale zako zimetoboa shuka yangu tena," Sue wa mlango wa pili alimwambia.

"Pole, Sue. Nitaziambia zipite juu."

Aliiambia, nayo ikatii.

Miezi miwili Cheruto alimwaga tope hilo mtaroni. Alilelewa hivyo, uchafu hauwekwi. Siku moja mamake, Jepkemei, alinyoosha mkono kutoka kitandani. Alikuwa hali chakula wala hatoki humo tangu kesi ya shamba lao la Mau Narok iahirishwe mara ya kumi na moja. Alichukua donge, akalinusa, akaliweka ulimini.

"Hii udongo ni ya kwetu. Hiyo nyingine umepeleka wapi?"

"Kwa mtaro, Mama."

"Woi! Umemwaga mlango wote wa boma letu la ndama!"

Cheruto akalia kwa sauti, maana alikuwa mtu msafi na usafi ndio uliomponza. Kuanzia jioni hiyo alikwangua mishale juu ya gunia, asipoteze hata chembe. Mwezi wa tano gunia lilijaa. Jepkemei aliamka, akafunga leso kiunoni, akapanda viazi ndani yake kwa mikono yake mwenyewe.

Wakati wa mavuno kesi iliahirishwa mara ya kumi na mbili. Kule Mau Narok, bwana aliyezungushia shamba lao seng'enge kwa hati bandia alivuna ngano yake kama kawaida. Ukweli ni kwamba aliiba, na kila mtu anajua, hata karani wa mahakama.

Jepkemei alikula viazi vitatu kwa chumvi. Ilikuwa furaha tupu kumtazama.

"Kwa hii mwendo, ekari zetu nane zitafika hapa lini?" aliuliza.

"Nimepiga hesabu kwa simu. Kama miaka elfu hamsini."

Mama alitafuna polepole, akifikiria.

"Basi kesho tafuta miti mizuri tuongeze mishale," alisema. "Na uniongezee kiazi."