Kabla Elsie Hajasema

Elsie Amondi alivuka mpaka wa Sirari akitokea Musoma, na barua ya chuo chake cha uuguzi mkobani. Barua hiyo ilimruhusu kukaa wiki sita katika zahanati moja ya wazazi mtaani Pipeline, Nairobi, atazame wauguzi wa nchi jirani wanavyofanya kazi. Atazame tu. Asimguse mgonjwa, asichome sindano, asitoe dawa. Alikuwa mwaka wa pili, na akina mama wote aliowahi kuwazalisha walikuwa wa plastiki.

Zahanati ilikuwa chini ya jengo la ghorofa nane, na taa ziliwaka mchana kutwa kwa kuwa jua halikuwa na pa kupitia. Sista Rispa ndiye aliyeisimamia, mama wa makamo mwenye sauti nzito, aliyecheka kila asubuhi Elsie alipomwamkia.

"Marahaba, mtoto wa Musoma. Hapa hata wanangu hawaniambii hiyo shikamoo. Haya, simama hapo ukutani, ufungue macho."

Alhamisi ya wiki ya tatu, Otiende, tabibu wa zahanati, aliondoka na ambulensi kumpeleka mama mmoja hospitali kubwa. Sista Rispa akabaki peke yake. Haukupita muda akaingia Wacera, ameshikiliwa na mumewe Kiarie. Ilikuwa mimba ya pili, na uchungu wake ulikwenda mbio. Kabla ya saa tano mtoto wa kike alikuwa ameshalia, kondo la nyuma limetoka, na Kiarie yuko koridoni anapigia simu ukoo mzima.

Sista Rispa alimchoma Wacera sindano ya kukaza mfuko wa uzazi, kisha akageuka kumpima mtoto uzito. Elsie alibaki akimtazama mama. Ndipo akaona tone likianguka kutoka ukingo wa kitanda. Likafuata la pili. Kisha hayakuwa matone tena, ulikuwa mchirizi, na chini ya kitanda damu ikaanza kutanda sakafuni ikielekea viatu vyake.

Hakusema. Alijiambia labda ndivyo ilivyo kwa watu halisi, labda atachekwa. Aliogopa kupiga kelele bure, na aliogopa zaidi kwamba si bure. Wacera akasema kwa sauti ndogo, "Sista, mbona nasikia baridi?"

"Damu!" Elsie akapayuka. "Sista, damu!"

Sista Rispa aligeuka, akaona, akamlaza mtoto kwenye kitanda chake bila papara. "Vaa glavu. Njoo huku."

"Siruhusiwi, sista. Barua—"

"Niko na mikono miwili tu, Elsie. Njoo!"

Alikwenda. Sista Rispa aliuchukua mkono wake akauweka kwenye tumbo la Wacera, chini ya kitovu. "Kanda. Kwa nguvu. Unatafuta kitu kigumu kama ngumi."

Elsie alikanda. Hapakuwa na ngumi. Palikuwa laini tu, na kila alipokandamiza, damu nyingine ilimwagika. Alikuwa na hakika anamuua. Sista Rispa alichoma sindano ya pili, akatundika dripu, akampigia Otiende kwa simu iliyobanwa begani. "Rudi na gari sasa hivi. Huyu anatutoka."

"Sista, haukazi," Elsie akasema huku machozi yakimtiririka.

"Usiache. Na mwongeleshe, asilale."

"Mama, mtoto wako wa kwanza anaitwa nani?"

"Bedan," Wacera akajibu, macho yakijifumba.

"Bedan yuko darasa la ngapi? Mama! Darasa la ngapi?"

Jibu halikuja. Elsie alirudia swali lile lile kwa kelele, akikanda mpaka mabega yakawaka moto, na katikati ya kelele zake akahisi kitu kikijikusanya chini ya vidole vyake. Kikalegea. Kikajikusanya tena, kigumu.

"Kimekaza," akanong'ona, kwani aliogopa kukishtua.

Sista Rispa alipapasa, akaitikia kwa kichwa. "Lakini amepoteza nyingi. Anahitaji damu."

Ambulensi haikuweza kuingia uchochoroni, lori la maji lilikuwa limeziba. Kiarie na Otiende walibeba machela kwa miguu hadi barabarani, Sista Rispa ameinua dripu juu kwa mkono mmoja na kumkumbatia mtoto kwa mwingine, Elsie akitembea ubavuni na mkono wake tumboni pa Wacera. Watu walijibana kutani wakawapisha. Midomo ya Kiarie ilikuwa ikisali.

Hospitalini daktari alimwambia, "Toa mkono, dada, tumempokea." Elsie hakuweza. Ilibidi muuguzi mmoja amfungue vidole kimoja kimoja.

Wacera aliongezewa chupa tatu za damu. Saa kumi jioni alifumbua macho akaomba chai, na Kiarie akaketi sakafuni akalia waziwazi.

Elsie hakuona raha. Walipokuwa wamekaa kwenye benchi wakisubiri usafiri, alimgeukia Sista Rispa.

"Niliiona damu mapema, sista. Nikanyamaza."

"Muda gani?"

"Sijui. Labda nusu dakika."

Alitarajia kuambiwa si kitu. Sista Rispa alikwangua damu iliyokaukia kwenye kucha.

"Nusu dakika ni nyingi," akasema hatimaye. "Uliogopa nini?"

"Kukosea."

"Mimi hata leo mikono imenitetemeka, miaka ishirini na miwili hii. Ukiona tena, utapiga kelele huku unaogopa. Umenisikia?"

"Nimekusikia, sista."

Usiku ule Elsie alimwandikia mwalimu wake Musoma: kwamba amemgusa mgonjwa, na kwamba alichelewa kusema. Akautuma ujumbe huo kabla hajabadili nia, kisha akazima simu, kwa kuwa jibu nalo alilihofia.